Lenzi pana ya Canon 16-35mm f/2.8L: toleo la kwanza, la pili na la tatu. Tofauti iko kwenye kona

#1 Mleta uzi, Dar

Wakuu, habari za Jumapili.

Karibu kila mwezi kuna kijana ananipigia na swali lile lile: "Kaka, nimepata 16-35 toleo la pili, mwenyewe anaiachia kwa bei ya kuridhisha. Nichukue, au nijibane hadi nipate la tatu?" Nimelijibu kwa simu mpaka nimeona bora nilifungulie uzi, watu wasome kwa nafasi na wanaojua zaidi wanisahihishe.

Mimi napiga harusi, sendofu, kichenpati na mikutano. Toleo la pili nililitumia miaka saba. La tatu ninalo tangu 2022. La kwanza niliazima kwa mzee mmoja wa fani, nikakaa nalo wiki mbili ili niyafunge yote matatu kwenye bodi moja (kamera yenyewe bila lenzi), 5D Mark IV.

Kwanza ujue ukoo wake. Canon walianza na 20-35mm f/2.8L mwaka 1989, wakaja na 17-35mm mwaka 1996. 16-35mm ya kwanza ikatangazwa 2001, ya pili 2007, ya tatu 2016. Hiyo miaka ina maana yake. Mwaka 2001 wengi bado walikuwa wanapiga filamu, na EOS-1D iliyotoka mwaka huo ilikuwa na megapikseli 4, tena sensa yake (kile kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu) ni ndogo kuliko fremu ya filamu, kwa hiyo kona za lenzi zilikuwa zinakatwa kabla mtu hajaziona. Mwaka uliofuata ikaja 1Ds yenye sensa kamili na megapikseli 11. Mwaka 2015 tukafika 5DS yenye megapikseli 50. Lenzi ni ile ile, ila kinachoitazama kimekuwa na macho makali zaidi kila mwaka. Ndiyo maana mzee aliyeniazima anaisifu toleo la kwanza kwa moyo wote, na hasemi uongo. Kwa picha alizokuwa anazipiga wakati ule, ilikuwa lenzi safi.

Sasa niseme nilichokiona. Nilitafuta ukuta wa matofali ya kuchoma, nikasimamisha kamera kwenye stendi ikiwa sambamba nao, nikapiga milimita 16 (ndipo lenzi ni pana kabisa), 24 na 35, kwa f/2.8, f/4, f/5.6 na f/8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi liko wazi zaidi).

Katikati ya picha, toleo la pili na la tatu mtu wa kawaida hazitofautishi. Unakuza kwenye kompyuta, unaona la tatu lina kontrasti zaidi kidogo, basi. La kwanza lipo nyuma lakini bado linafanya kazi.

Kwenye kona ndipo mambo yanapobadilika. Kwa milimita 16 na f/2.8, kona ya toleo la kwanza matofali yamevurugika, mistari ya saruji huioni. La pili unaona kwamba ni matofali, lakini yamelainika, na kila ukingo wa giza unaokutana na mwanga una uzi wa zambarau upande mmoja na kijani upande wa pili. La tatu unasoma chembe za mchanga kwenye saruji. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea fokasi.

Ukifunga hadi f/8 pengo linapungua sana. La pili linakuwa zuri karibu fremu nzima, isipokuwa ncha kabisa za kona. Kwa milimita 35 nako la pili kwa f/2.8 lina ulaini fulani kama kuna moshi mwembamba. La tatu halina.

Kuna jambo moja ambalo toleo la tatu linashindwa, na wauzaji hawalisemi. Kwa milimita 16 na f/2.8 kona zake ni nyeusi kuliko za la pili. Kwenye ncha mwanga unashuka karibu stopu 4 (kila stopu moja ni mwanga kupungua nusu). Ukiirekebisha kwenye programu inakaa sawa, lakini kuangaza kona stopu nyingi hivyo ni kama kuipandishia kona peke yake ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga), na chenga, yaani vidoadoa, zinatokea hapo. Ukiwa kwenye ISO 6400 utaziona.

Kwa nini nahangaika na kona? Wapiga picha wa mandhari watasema pembeni kuna majani na mawe tu. Mimi pembeni kuna watu. Chukueni wakati wa kutunza ukumbini: bibi harusi yuko katikati, mashangazi wanaingia kutoka kushoto na kulia wakicheza, wengine na vitenge, wengine na noti mkononi. Taa za ukumbi ni hafifu, MC ameomba zipunguzwe tena. Huwezi kurudi nyuma kwa sababu nyuma yako kuna meza. Unapiga milimita 17, f/2.8. Nyuso nusu ziko kwenye theluthi za pembeni, na hao ndio watakaokuja kuifungua albamu na kujitafuta. Miaka saba nimekabidhi albamu ambazo bibi harusi anang'aa na shangazi yake aliyetoka Songea kwa basi ana uso kama umepakwa vaselini. Hilo ndilo lililonifanya nijikusanye.

Kwa hiyo jibu langu fupi: kama kazi yako ni ya f/2.8 na watu wako pembeni, la tatu lina thamani ya pesa yake. Kama unafunga f/8 na stendi, baki na la pili, pesa nyingine kanunue taa.

#2 Mdau, Mwanza

Asante kwa uzi mkuu. Uzito vipi? Nimeambiwa la tatu ni zito.

#3 Mleta uzi

La kwanza gramu 600, la pili kama 640, la tatu 790. Pia la tatu ni refu zaidi. Shughuli ya saa nane bega linalijua hilo, hasa kama bega la pili lina lenzi ndefu ya 70-200.

Na filta: la kwanza linakula milimita 77, la pili na la tatu 82. Anayetoka la kwanza ajue filta zake hazitaingia. Anayetoka la pili kwenda la tatu anahamisha zote. Lenzi hizi Canon wenyewe wanasema zinakamilika kuzuia vumbi na maji zikiwa na filta mbele, kwa hiyo hiyo filta ihesabuni kama sehemu ya lenzi.

#4 Mdau, Unguja

Assalam aleikum wadau. Sheikh, nimekusoma hadi mwisho na nakubali mengi, ila nitalitetea toleo la pili kwa jambo moja ambalo hukuligusa: miale ya jua.

Mimi napiga Mji Mkongwe na pwani. Jioni pale Forodhani jua linazama baharini mbele yako. Ukilificha nusu nyuma ya tanga la ngalawa, ukafunga f/16, toleo la pili linakupa nyota yenye miale 14, mirefu, imenyooka, imetengana. Sababu ni vile vibati vinavyofungua na kufunga tundu la lenzi. La pili lina vibati 7, na vikiwa witiri kila kimoja huzaa miale miwili. La tatu lina 9, kwa hiyo miale 18. Kwa hesabu 18 ni zaidi, lakini kwa jicho langu inasongamana, inakuwa kama brashi. Wateja wangu wa hoteli wanazipenda zile 14, na mimi nazipenda kuliko wao.

Nakubali f/16 inalainisha picha nzima kidogo, hilo ni la maumbile ya mwanga na halina toleo. Lakini katika kuning'iniza picha ya machweo ukutani, hakuna aliyewahi kunionesha kona.

Vichochoroni nako nafunga f/8. Mlango wa mbao wenye nakshi haukimbii. Kwa kazi kama yangu, kulinunua la tatu ni kulipia kitu nisichokifungua.

#5 Mleta uzi

Waaleikum salaam. Sheikh, umesema kweli na nilipaswa kuiweka kwenye post ya kwanza. Nyota ya toleo la pili ni nzuri kuliko ya la tatu. Mimi jua nakutana nalo mara chache, shughuli zangu zinaanza likishazama.

Ila kwa taa za ukumbi la tatu linanisaidia upande mwingine. Lina mipako mipya ndani ambayo Canon wanaiita Air Sphere, na taa kali zikinitazama usoni picha haichujuki wala haitapakai madoa ya mwanga kama zamani. Kwa la pili nilikuwa naziba taa kwa kiganja.

#6 Mdau, Arusha

Mimi ni dada ninayepiga picha za usiku kwa wageni kambini, Ngorongoro na Serengeti. Huku kwetu tofauti ya matoleo haya inaonekana bila kukuza.

Nyota ni nukta. Lenzi ikiwa na kasoro pembeni, nukta haibaki nukta. Kwa toleo la pili, f/2.8, nyota za kona zinakuwa kama ndege aliyetandaza mbawa. Nikifunga f/4 mbawa zinapungua, lakini napoteza nusu ya mwanga, na muda siwezi kuurefusha sana kwa sababu dunia inazunguka. Kwa milimita 16 mimi sivuki sekunde 20, zaidi ya hapo nyota zinaanza kuwa vistari. Kwa hiyo naambulia kupandisha ISO.

La tatu halijazimaliza hizo mbawa, tusidanganyane, ila zimebaki ndogo kiasi kwamba natumia f/2.8 bila wasiwasi. Lile giza la kona mleta uzi alilolitaja kwangu ndilo linalouma, maana anga ya usiku ukiiangaza kona inatoa chenga za rangi. Napiga picha kadhaa za sehemu ile ile, naziunganisha kwenye programu, chenga zinapungua.

Fokasi iwekeni kwa mkono. Washa skrini, kuza nyota kubwa hadi mwisho, zungusha taratibu mpaka iwe ndogo kabisa. Alama ya mwisho kwenye lenzi, ile ya vitu vya mbali kabisa, msiiamini, inapitiliza.

#7 Mdau, Nairobi

Ndugu zangu, mbona mnasahau 16-35mm f/4L IS ya 2014? Ilitoka kwa dola 1,199 wakati f/2.8 ya tatu ilitoka kwa dola 2,199. Gramu 615, filta 77, na ina kituliza mtikisiko ambacho hakuna hata moja kati ya hizo tatu za f/2.8 inacho. Nimepiga nayo makongamano na majengo kwa miaka mingi. Kona zake kwa f/4 zinaishinda f/2.8 ya pili ikiwa imefungwa f/4. Hili nimelipima mwenyewe, si la kusikia.

Na swali: mtu aliyehamia kamera zisizo na kioo (mirrorless), anunue hizi za EF, za kamera za zamani zenye kioo, au aende moja kwa moja RF, za kamera hizo mpya?

#8 Mleta uzi

Umefanya vizuri kuileta. Kwa majengo, vyumba vya hoteli, mandhari, ningeichukua hiyo f/4 kabla ya toleo la pili bila kufikiri mara mbili. Kituliza kinakuwezesha kupiga ndani ya kanisa kwa mkono, shata (muda wa kupokea mwanga) ya robo sekunde, na nguzo zikatoka kali. Ila kituliza kinatuliza mkono wako, hakimtulizi bwana harusi anayeruka na marafiki zake. Kwa watu wanaocheza nahitaji shata ya 1/200, na hapo ile stopu moja kati ya f/4 na f/2.8 ni tofauti ya ISO 3200 na 6400.

Kuhusu RF: lenzi za EF zinaingia kwenye bodi za R kwa adapta ya Canon na hazipotezi kitu, adapta yenyewe haina kioo cha lenzi ndani. Toleo la tatu nimelifunga kwenye R6 ya rafiki, fokasi ilishika nyuso vizuri, na mtikisiko unatulizwa na bodi yenyewe. Ile RF 15-35mm f/2.8L IS ya 2019 inaongeza milimita moja ya upana na kituliza ndani ya lenzi, lakini hairudi kwenye 5D yako. Aliye na bodi mbili, moja ya zamani na moja mpya, EF inamhudumia kote.

#9 Mdau, Tanga

Wazee, hamjagusa adui wa pwani: kuvu. Nililetewa toleo la pili, nje inang'aa kama imetoka boksini jana. Nikapitisha tochi ya simu kutoka nyuma, ndani kuna nyuzi kama utando wa buibui. Lilikuwa limekaa kwenye begi la turubai, kabatini, masika mawili.

Kuvu ikiwa changa fundi anaweza kufungua na kusafisha. Ikishakula mipako ya kioo inaacha alama ya kudumu, na kwenye taa za mbele picha inakuwa na ukungu. Wekeni lenzi kwenye boksi la plastiki linaloziba, na vifuko vya silika ndani, muwe mnavikausha. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndio salama. Mchele msiutumie, unaacha vumbi. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, acha lenzi ndani ya begi dakika 20 au 30 ipate joto polepole, la sivyo jasho linaganda kwenye kioo.

#10 Mdau, Dodoma

Mimi ndiye mmoja wa vijana waliompigia mleta uzi, shikamoo kaka. Nina 6D na bado naitafuta 16-35 toleo la pili. Nikienda kuiona nikague nini? Na lenzi inajulikanaje umri?

#11 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. 6D ina megapikseli 20, haina ukatili wa bodi mpya, toleo la pili litakaa vizuri kwako.

Nenda mchana, na bodi yako, na kadi yako. Kwanza tochi kama alivyosema wa Tanga, mbele na nyuma. Vumbi dogo lisikutishe, halionekani kwenye picha. Nyuzi na mawingu ndiyo mwiko. Zungusha zumu kutoka 16 hadi 35: isikwame, isiwe na mchanga. Weka f/16, bonyeza kitufe cha kuonesha kina (kile cha kwenye bodi kinachofunga tundu kabla ya kupiga) huku ukitazama ndani ya lenzi kwa mbele. Tundu lifunge mara moja na vibati vyote 7 viwe vikavu, bila mafuta.

Halafu tafuta ukuta wenye mistari, hata wa vigae. Milimita 16, f/2.8, kamera sambamba na ukuta. Linganisha kona nne. Zote nne zitakuwa laini, hiyo ni tabia ya toleo hilo. Usichokitaka ni kona moja kuwa mbovu kuliko tatu zilizobaki. Hiyo ina maana kioo cha ndani kimehama, mara nyingi kwa kuanguka, na kukirudisha ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Umri: geuza lenzi, tazama sehemu nyeusi ya nyuma karibu na mdomo. Lenzi za Canon za miaka ile zina herufi mbili na namba. Herufi ya kwanza ni kiwanda, U ni Utsunomiya. Ya pili ni mwaka: P ni 2001, V ni 2007, W 2008, na kuendelea hadi Z ambayo ni 2011, kisha wakarudi A kwa 2012. Namba mbili zinazofuata ni mwezi. Mtu akikwambia lenzi ni ya 2014 na nyuma imeandikwa UV, unajua unaongea na nani.

#12 Mdau, Mwanza

Mimi nina 80D, sensa ndogo. Nichukue ipi kati ya tatu?

#13 Mleta uzi

Hakuna. Kwenye sensa yako 16 inaonekana kama 26, upana wenyewe unaoutafuta unaupoteza. Kona mbaya zinakatwa, ni kweli, lakini utabeba na kulipia kioo usichokitumia. Tafuta EF-S 10-18mm ya 2014: gramu 240, ina kituliza, ilitoka kwa dola 299. Haina f/2.8, kwa hiyo ukumbini utahitaji flashi.

Na ninyi nyote, jambo moja halina toleo: mtu aliyesimama pembeni kabisa kwa milimita 16 atavutwa, atatoka mpana, kichwa kimeinama. Hiyo ni jiometri. Picha ya ukoo mzima mkiipanga, rudini nyuma hadi 28 au 35, funga f/5.6, washa taa. Hapo hata la kwanza la yule mzee linatosha.

#14 Mdau, Dodoma

Kaka, mrejesho. Ya kwanza niliyoikuta kona ya chini kulia ilikuwa imekufa, nyingine tatu ziko sawa. Mwenyewe akasema zote ziko hivyo. Nimeiacha. Leo nimeona nyingine, nyuma imeandikwa UY na namba 06, tochi safi, kona nne zinalingana, hudi yake (kivuli cha mbele) ipo. Anataka nimalize malipo kesho.

#15 Mleta uzi

UY ni 2010, mwezi wa sita. Chukua. Ukishuka Dar Jumamosi njoo nayo, ule ukuta wa matofali bado upo, na jioni nina sendofu ya watu mia tatu. Utasimama upande wa mashangazi.